Niwashie, Mjomba

Hotuba iliyotolewa kwa wazazi, walezi na wenye maduka wa Ngamiani, Tanga, tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, masheikh na wachungaji mliojumuika nasi, walimu wenzangu, wenye maduka na magenge, wazazi na walezi, Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu na sigara. Kwa kawaida, siku kama ya leo ikifika, huletwa picha za mapafu meusi zikabandikwa ukutani, watoto wakazitazama, wakashtuka, wakaenda zao. Nimezibandika picha hizo mimi mwenyewe kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa Baiolojia, na nimewaona wavulana waliozitazama asubuhi wakitoka nyuma ya vyoo vya shule adhuhuri wakinuka moshi. Wale watoto hawakuwa wajinga. Walijua kwamba sigara inaua, na ningewatahini juu ya jambo hilo wangepata alama zote. Kwa hiyo leo sitazungumzia mapafu. Nataka tuutazame mlango ambao mtoto huingilia, kwa sababu nimekwisha kuamini kwamba mlango huo tumeuacha wazi sisi watu wazima, na wengine wetu tumemshika mtoto mkono tukampitisha.

Ukimuuliza mzazi kwa nini mwanawe ameanza kuvuta, atakujibu kwa neno moja: makundi. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kijana wa miaka 14 ana njaa ya kukubalika na wenzake ambayo sisi tuliokwisha kuivuka tumesahau ukali wake. Katika miaka yangu ya kufundisha niliwauliza wanafunzi wengi, faraghani na bila fimbo mkononi, sigara ya kwanza waliipata wapi, na ni wachache mno walioniambia kuwa waliinunua. Walipewa. Mara nyingi haikuwa hata sigara nzima. Kilikuwa kipisi kinachozunguka mikononi mwa vijana wanne au watano pale maskani, kila mmoja akipiga pafu moja na kumpa wa pembeni yake, na zamu ya mtoto wetu ilipofika macho yote yakamgeukia. Kukipokea na kukipitisha bila kukivuta ni sawa na kuwaambia kwamba yeye si mwenzao, nao ndio atakaocheza nao mpira kesho. Akavuta, akakohoa, wakacheka, na mkubwa mmoja akamwonyesha namna ya kuuingiza moshi taratibu. Kwa mtoto wa umri ule, kufundishwa na mkubwa mbele ya watu ni heshima kubwa, na heshima hiyo aliipata kwa bei ya kikohozi tu.

Lakini neno makundi halielezi kila kitu. Kile kipisi kilifikaje maskani? Nani alikiuza? Na kwa nini yule mtoto, hata kabla hajafundishwa kuvuta, alikuwa tayari anajua namna ya kukishika katikati ya vidole viwili?

Mimi nilijua kukishika nikiwa na miaka tisa. Nililelewa na mjomba wangu hapa hapa Tanga, mtu mwema ambaye hakuwahi kuninyima chakula wala daftari. Jioni akirudi kazini aliketi barazani, akavua viatu, akachomoa sigara moja na kuninyooshea, akasema: "Niwashie, mjomba." Nami nilikuwa nikikimbia nayo uani, ambako mkaza mjomba alikuwa ameinjika wali kwenye jiko la mkaa. Nilichuchumaa, nikakamata kaa la moto kwa koleo, nikaligusisha kwenye ncha ya sigara. Sasa, kila mvutaji aliyeko hapa anajua kwamba sigara haishiki moto sawasawa mpaka ivutwe. Kwa hiyo niliiweka mdomoni, nikavuta mara moja, nikavuta mara ya pili, ncha ikawa nyekundu, nikairudisha barazani, na kama ilielekea kuzimika njiani nilivuta mara ya tatu. Mjomba aliipokea, akanishukuru, akanipapasa kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nivute. Niliambiwa niwashe.

Hilo lilitokea karibu kila siku kwa miaka minne. Nilipofika miaka 13 nilikuwa nikichelewa kurudi kutoka uani kwa sababu nilikuwa navuta zaidi ya kilichohitajika, na nilipofika miaka 15 nilikuwa na zangu mfukoni. Nilivuta kwa miaka 19. Mjomba alifariki kwa maradhi ya mapafu, na katika siku zake za mwisho alikuwa akimwomba radhi mkewe kwa kumkosesha usingizi kwa kikohozi. Mimi hakuniomba radhi, wala sikutarajia aniombe, kwa kuwa hakujua alichokuwa akinipa kila jioni pamoja na mapenzi yake. Siyasemi haya kumvunjia heshima marehemu. Nayasema kwa sababu ninyi mnajua, na bado jambo lile lile linaendelea kwa sura nyingine.

Siku hizi kaa la moto limeondoka, kiberiti cha gesi kimeingia. Kilichobaki ni kumtuma mtoto. "Kaniletee sigara mbili dukani, chenji itakayobaki nunua pipi." Sentensi hiyo nimeisikia wiki iliyopita, katika mtaa huu, ikitoka kwenye kinywa cha baba ambaye angemcharaza bakora mwanawe huyo huyo kama angemkuta anavuta. Tazameni kilichomo ndani ya sentensi ile: safari ya kwenda kuchukua sigara, na pipi kuwa malipo ya safari. Mtoto wa miaka minane hawezi kutafakari maneno yetu juu ya madhara, lakini anajua vizuri sana kwamba siku ya kutumwa sigara ni siku ya pipi.

Naye anapofika dukani, anakuta nini? Juzi nilisimama kwenye duka moja, silitaji, nikatazama kwa urefu wa mtoto, yaani niliinama kidogo. Mbele kabisa, nyuma ya nondo, kulikuwa na chupa ya pipi, boksi la bigijii, vifuko vya ubuyu, na katikati yake pakiti ya sigara iliyofunguliwa, sigara tatu zimechomozwa ili zishikike kwa urahisi. Pembeni mwa dirisha kilining'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ya katani, kwa ajili ya mnunuzi asiye na kiberiti chake. Huu ni mkoa wa mkonge, ndugu zangu. Kamba hiyo ililisha familia nyingi za hapa, na ilinisikitisha kuiona ikifanya kazi ile. Kiberiti kile kimewekwa pale kwa ajili ya mtu anayenunua sigara moja, na anayenunua sigara moja pasipo kuwa na kiberiti mara nyingi ni yule ambaye hathubutu kwenda nacho nyumbani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye kiini cha jambo. Pakiti nzima ni fedha nyingi kwa mwanafunzi, na hana pa kuificha. Mama atakapofua suruali ataiona. Sigara moja inapatikana kwa fedha za kifungua kinywa, inawashwa pale pale, inaisha kabla hajafika nyumbani, na haiachi ushahidi isipokuwa harufu ambayo huifuta kwa kutafuna ile bigijii iliyokuwa jirani yake dukani. Hata maandishi ya onyo yaliyo kwenye pakiti hayaoni, kwa kuwa pakiti inabaki kwa muuzaji. Hali ni hiyo hiyo kwa vijana wanaotembeza sigara, pipi na karanga huku wakichezesha sarafu mkononi, sauti ambayo kila mtoto wa mjini anaijua. Simlaumu kijana anayetafuta riziki yake kwa miguu yake. Namwomba tu atambue kwamba mtu akinunua moja moja, aliye mtoto na aliye mtu mzima wote wanaweza kumudu.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2003 tunayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, inayokataza kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Nchi yetu iliridhia pia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na ibara ya 16 ya mkataba huo inazihimiza nchi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja au katika vipakiti vidogo, kwa sababu hiyo hiyo kwamba huwarahisishia watoto. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, katika sheria yao ya mwaka 2007, waliandika kwamba sigara isiuzwe katika pakiti yenye chini ya kumi. Kuiandika ni jambo moja na kuisimamia ni jambo jingine, hilo nalifahamu, lakini angalau mwenye duka anayetaka kukataa ana cha kushika mkononi. Sisi katika mtaa huu hatuna haja ya kusubiri mtu aje kutoka Dodoma kutuambia tuondoe pakiti kwenye pipi.

Sasa niseme kwa nini umri una uzito mkubwa hivi. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini, yaani kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde kumi hadi ishirini hivi. Hapo hujibandika kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, ambavyo viliumbwa kwa kazi nyingine, na kuufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayomwambia mtu kwamba alichokifanya ni kizuri na akirudie. Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga mpaka karibu na umri wa miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia papara. Kijana anapoanza kuvuta akiwa na miaka 13, nikotini inaukuta ubongo ungali unajengwa, nao hujijenga kwa kuizoea. Ndiyo maana ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima wa nchini mwao wanaovuta kila siku, karibu tisa kati ya kumi walivuta sigara ya kwanza kabla ya kupita miaka 18. Mtu aliyefika miaka 26 bila kuvuta, ni nadra sana kuanza.

Kuna msemo wetu wenyewe, Tanga waja leo waondoka leo, na sote tunajua wageni walioshuka hapa kwa nia hiyo wakabaki mpaka wakaoa na kujenga. Kijana huingia kwenye sigara kwa kauli hiyo hiyo. Kila mwanafunzi niliyezungumza naye aliniambia kwamba anavuta kidogo tu na ataacha akimaliza shule. Wanachokuwa hawajui ni kwamba dalili za uraibu huweza kujitokeza kwa baadhi ya vijana ndani ya wiki chache, hata kabla hawajawa wavutaji wa kila siku. Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu baada ya saa mbili hivi. Nilikuwa nikiwatambua darasani: kipindi cha kwanza ametulia, kipindi cha tatu anachezesha mguu, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anagombana na jirani yake kwa sababu ya rula. Wenyewe wanaiita arosto. Akishavuta, anatulia, na hapo ndipo anapodanganyika kwa dhati kabisa, kwa kuwa anaamini kwamba sigara inamwondolea mawazo, kumbe imemwondolea mateso ambayo imeyaleta yenyewe. Nilidanganyika hivyo kwa miaka 19, nikiwa na shahada ya sayansi.

Na watoto wanatuona. Wakati wa mwezi mtukufu, adhana ya Magharibi inapoadhiniwa, mtoto ameshika tende, na baba, ambaye amefunga tangu alfajiri kwa subira na imani, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye kiberiti. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba kuna kitu ambacho baba amekikosa kuliko alivyokosa maji. Nasema hivi kwa unyenyekevu mbele ya masheikh waliopo, na nasema pia upande wake wa pili: mtu aliyekaa saa kumi na tatu bila sigara kwa ajili ya Mola wake ana nguvu ambazo yeye mwenyewe hazihesabu, na wengi walioacha kabisa walianzia katika mwezi huo. Mimi ni mmoja wao.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi. Vijana wanaamini kwamba kila mtu anavuta. Muulize mvulana wa kidato cha pili, wanaume wangapi kati ya kumi wanavuta, atakuambia saba, atakuambia nane, kwa sababu wavutaji wanaonekana na wasiovuta hawaonekani. Anayevuta amesimama kijiweni na moshi wake, asiyevuta yuko kwenye shughuli zake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote hapa Tanzania, ugoro ukiwemo, ni asilimia 8.7, kwa wanaume ni asilimia 14.6. Yaani wanaume wanane au tisa kati ya kumi hawatumii. Nilipokuwa nikiiandika tarakimu hiyo ubaoni, wavulana walikuwa wananyamaza, na nimeona ikifanya kazi kuliko picha za mapafu, kwa kuwa kile walichokuwa wakikiogopa, kuwa peke yao, kiligeuka.

Filamu nazo zina sehemu yake. Ile ripoti ya 2012 ilihitimisha kwamba kuona watu wakivuta katika filamu kunasababisha vijana kuanza, na mabanda yetu ya video yanaonyesha filamu hizo tangu asubuhi bila kumuuliza mtoto umri wake. Kampuni za sigara zililijua hilo mapema. Waraka wa ndani wa kampuni ya Philip Morris wa mwaka 1981 ulieleza wazi kwamba kijana wa leo anaweza kuwa mteja wa kudumu wa kesho. Mwaka 2006 jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani, Gladys Kessler, aliamua kwamba kampuni kubwa za huko ziliudanganya umma kwa miongo mingi, ikiwa ni pamoja na kukana kwamba zinawalenga vijana. Biashara ambayo inaua mpaka nusu ya wateja wake wasioacha haina budi kutafuta wateja wapya, na wapya wanaopatikana ni watoto.

Kuhusu mabinti nitasema kidogo. Wengi wao hawaanzi na sigara, wanaanza na shisha kwenye sherehe, kwa kuwa inanukia matunda na wanaamini kwamba maji yanachuja sumu. Hayachuji. Moshi unaovutwa katika kikao kimoja cha shisha ni mwingi mno kuliko ule wa sigara moja, na nikotini ni ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenileta hapa hasa. Miaka mingi iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, nilimkamata mvulana wa kidato cha pili na kipisi mkononi. Nilimsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi, nikamchapa, nikataja jina lake na la baba yake. Niliamini kwamba naokoa shule nzima. Adhuhuri ile alikwenda maskani, kwa sababu baada ya fedheha ile hapakuwa na mahali pengine ambapo angepokewa kwa salamu, na wale walimpa sigara nzima badala ya kipisi. Hakurudi shuleni muhula uliofuata. Nimemwona mara mbili tangu hapo, mara zote anavuta, na mara zote amenisalimia kwa heshima: "Shikamoo, mwalimu." Heshima ile inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nawaomba mzazi akimkuta mwanawe anavuta, asimfukuze nyumbani na asimwaibishe mbele ya majirani. Amketishe, amuulize nani alimpa, amsikilize mpaka mwisho. Kama mzazi mwenyewe anavuta, amwambie mtoto ukweli: alianza na umri gani, amejaribu kuacha mara ngapi, ameshindwa wapi. Msiogope kwamba mtajishusha. Nimewaona vijana wakisikiliza maneno hayo kwa makini ambayo hawajawahi kuyapa mahubiri yetu. Na mumpe mtoto maneno ya kukataa kabla hajayahitaji, kwa sababu pale maskani hatapata muda wa kuyatunga. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisema, "Nina mechi Jumamosi, kifua sikichezei," akakipitisha kipisi, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa alikuwa mfungaji wao.

Kwenu wenye maduka, sitawataka mfunge biashara. Mtoto akija kununua, hata akisema ametumwa na baba, mrudisheni mikono mitupu na baba aje mwenyewe. Nyumba mnaijua, na baba naye anajua njia. Ile pakiti iliyofunguliwa itoke kwenye pipi, iende rafu ya juu nyuma yenu. Na kile kiberiti cha kamba kiondoke dirishani.

Tumekubaliana na Mwenyekiti kwamba leo baada ya sala ya Alasiri tutapita duka kwa duka, tukianzia Barabara ya 8 na kupanda mpaka Barabara ya 14, tuzungumze na kila muuzaji kwa adabu, bila mgambo na bila kumwandika mtu jina. Nimekuja na mkasi. Mwenye duka atakayeridhia, atakata kamba hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wanaokaa karibu watakuwepo wakitazama. Anayependa kuongozana nasi, tukutane pale nje kwenye mwembe.